Siku nane na masanduku ya viatu vya kifundo

Juni 1. Dar es Salaam hadi Lindi

Tumetoka Temeke saa kumi na moja alfajiri, kabla Mbagala haijaziba. Nyuma ya gari kuna katoni nne za bandeji za plasta, mabunda ya pamba, beseni tatu na masanduku yangu mawili ya bati. Ndani yake mna jozi 64 za viatu vya watoto. Jozi ndogo kabisa inaenea kiganjani mwangu. Karibu zote nimezishona mwenyewe tangu Machi.

Mimi ni fundi viatu. Baba alinifundisha kushika msharasi nikiwa darasa la tano, na hadi leo ningekuwa nashona makubazi na viatu vya shule kama dada mmoja hangefika kibandani kwetu mwaka 2011 na kiatu kidogo cha ngozi kilichofumuka, kimefungwa kwenye fimbo ya chuma pamoja na mwenzake. Nilimuuliza mtoto kafanya kosa gani mpaka afungwe hivi. Akaketi, akanieleza, na siku hiyo sikushona kitu kingine.

Kwa ambaye hajawahi kuona: mtoto wa mguu kifundo huzaliwa unyayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Hutokea takriban kwa mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Nchi yetu inazaa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Asipotibiwa atasimama na kutembea, kwa kuwa watoto hawakatai kutembea, lakini atakanyagia ubavu wa mguu au mgongo wa mguu, na sugu itaota mahali ambapo ngozi haikuumbwa kukanyaga. Akitibiwa mapema kwa njia ya Ponseti, yaani ya daktari aliyeibuni, hakuna upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa kwa mikono, unafungwa hogo (plasta ngumu ile nyeupe), na hogo linabadilishwa kila wiki, mara tano hadi nane hivi. Wengi wao mwishoni hukatwa kano ya kisigino kwa kitundu kidogo, wanakaa na hogo la mwisho wiki tatu, kisha viatu vya chuma: miezi mitatu ya mwanzo usiku na mchana, havivuliwi ila saa ya kuoga, na baada ya hapo kila wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano.

Tupo watano. Dada yetu mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wote tunamwita Dada Fizio, tabibu aliyesomea kukata kano, dereva, mimi, na Mama Mshauri, ambaye mwanawe alizaliwa na kifundo miguu yote miwili na sasa yuko darasa la tatu. Tunapita vituo vya kusini hadi Songea, kufundisha na kuacha vifaa, ili mtoto wa huko atibiwe huko.

Tulivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa jua limeshapanda, Somanga tukala samaki wa kukaanga wa moto. Hapo ndipo Mama Mshauri alipotusimulia habari zake, nami nilikuwa nazijua nusu tu. Yeye ni wa Liwale. Mtoto alipozaliwa aliambiwa tiba ipo Dar, na ni bure. Akaja. Akapanga chumba Mbagala miezi miwili ili awahi hogo la kila wiki, mume amebaki na shamba. "Hogo sikulipia hata senti," alisema. "Nililipia chumba, maji, mkaa na daladala. Nikauza cherehani." Miguu ikanyooka, akarudi Liwale kwa furaha. Kisha kiatu kikaanza kubana, na mtoto wa mwaka wa kwanza hubadilisha kiatu kila miezi mitatu, minne. Kila kiatu kipya kilikuwa nauli ya kwenda Dar na kurudi.

Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea na safari. Watu wanapoona picha za mguu uliopinda na mguu ulionyooka, wanadhani kazi kubwa ni hogo. Hogo ni wiki sita. Kiatu ni miaka minne. Wiki sita mama anaweza kuzivumilia hata mbali na kwake, kwa kuuza cherehani. Miaka minne hawezi.

Juni 2. Lindi

Mafunzo. Wanafunzi 11: wauguzi, matabibu na kijana mmoja msaidizi wa tiba ya viungo. Asubuhi walishika mifupa ya plastiki iliyoungwa kwa mpira, mguu wa kifundo unaoweza kuunyoosha na ukaachia ukarudi ulivyokuwa. Dada Fizio hakuwaruhusu kugusa bandeji hadi kila mmoja aonyeshe kwa kidole mahali pa kubonyeza.

Mahali penyewe ni padogo. Ni kichwa cha mfupa unaoitwa talasi, upande wa nje wa mguu, mbele kidogo ya fundo. Kidole gumba kinatulia hapo kama egemeo, mkono mwingine unauzungusha unyayo wote kwenda nje, polepole. Kisigino hakiguswi. "Mkikishika kisigino mmekifungia mlango," aliwaambia. "Kiacheni, kitageuka chenyewe kikiufuata unyayo." Halafu lile linaloshangaza kila mwanafunzi: hogo la kwanza kabisa halipeleki unyayo nje. Linainua upande wa kidole gumba juu, ili sehemu ya mbele ilingane na ya nyuma na upinde wa unyayo ufunguke. Ukitazama unaona kama mguu unapindishwa zaidi. Muuguzi mmoja mtu mzima alitikisa kichwa, akasema hatafanya hivyo hadi aone.

Mchana akaona. Aliletwa mtoto wa siku tisa, mvulana, mguu wa kulia. Walimpima kwa alama za Pirani: dalili sita, kila moja sifuri, nusu au moja, jumla yake isizidi 6. Huyu alipata 5.5. Mama yake, binti wa miaka ishirini hivi, alikuwa amekaza taya. Dada Fizio alimwambia amnyonyeshe, kwa sababu mtoto anayenyonya hulegeza misuli na mguu unatii. Basi kazi yote ilifanyika mtoto yuko kwenye titi.

Pamba tabaka jembamba, kutoka vidoleni hadi kwenye paja. Bandeji inazamishwa kwenye maji ya vuguvugu hadi vipovu viishe, inakamuliwa kidogo, inazungushwa. Kwanza chini ya goti, na kabla haijagandamana mikono inashika tena pale pale, gumba kwenye talasi, na kuulainisha ute mweupe ukae umbo la mguu. Kisha goti linakunjwa pembe mraba na hogo linapandishwa hadi kinenani. Mwisho vidole vinafunguliwa juu, vyote vitano vionekane. Dada Fizio alivibonyeza kimoja kimoja: vinakuwa vyeupe, vinarudi vyekundu. Akamfanya mama avibonyeze na yeye. "Vikiwa baridi au vya bluu, njoo. Vikizama ndani usivione, maana yake hogo limeteleza, njoo. Usisubiri siku ya kliniki."

Yule muuguzi mtu mzima aliuliza kwa nini hogo lisiishie chini ya goti, bandeji zikabaki kwa mtoto mwingine. Swali la mtu anayejua shida ya stoo. Jibu ni kwamba hogo fupi huteleza, na likiteleza linachubua ngozi na mguu unarudi. Bandeji iliyookolewa inamgharimu mtoto wiki nzima. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini.

Swali jingine lilikuwa la tabibu kijana: je, hii si kazi ya daktari bingwa wa mifupa? Hilo lilijibiwa Uganda miaka mingi iliyopita. Daktari Shafique Pirani, aliyezaliwa huko huko, alirudi kutoka Kanada na wenzake wakafundisha matabibu na wataalamu wa ngazi ya kati katika hospitali za kawaida, na miguu ikanyooka. Malawi nako vivyo hivyo. Asingekuwapo mtu wa kuthubutu hilo, leo tungekuwa tunasubiri mabingwa wachache wa mijini wamalize foleni.

Juni 3. Lindi hadi Masasi

Leo ni siku ya mguu kifundo duniani, na ni kwa sababu Ignacio Ponseti alizaliwa Juni 3, 1914, kwenye kisiwa cha Menorca, Hispania. Nilimsimulia dereva njiani, kuanzia Mingoyo hadi Nyangao. Baba yake alikuwa fundi saa, na kijana alikua akimsaidia baba kwenye meza ya saa. Alitibu majeruhi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, upande wake uliposhindwa akakimbilia Ufaransa, kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko akawatazama wagonjwa wa kifundo waliopasuliwa utotoni, akaona miguu yao imekakamaa na inauma. Akaanza upya kwa kuusoma mguu wenyewe, jinsi mifupa inavyozungukana, na kutoka hapo akapata njia ya mikono na hogo. Wenzake hawakuijali kwa miongo kadhaa. Aliishi hadi 2009 akaiona imekubalika. Mimi kila nikishona humfikiria yule mtoto wa fundi saa.

Masasi tulipokelewa na ming'oko ya kuchemsha na chai. Miamba ile mikubwa ya mji ilikuwa imepigwa na jua la alasiri. Akina mama walishaketi kwenye mabenchi ya kituo tulichopangiwa.

Wa nne kuingia alikuwa bibi na mjukuu wake wa miaka miwili na miezi mitatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea viatu vyenu."

Alifungua pembe ya khanga. Viatu vilikuwa vya mtoto wa miezi minane au tisa. Ngozi ya mbele imelika na kucha, kamba zimekatika na kuunganishwa kwa uzi wa katani, chuma kimeshika kutu. Nilivigeuza nikaona mshono wa nyuma. Mimi hupiga mishono miwili ya kurudi pale juu ya kisigino, baba ndiye aliyenifundisha, na sijaona fundi mwingine wa viatu hivi anayefanya hivyo. Vilikuwa vyangu.

Bibi akaeleza bila kulalamika. Mama wa mtoto yuko Mtwara, anafanya kazi za ndani. Viatu vilipoanza kubana yeye bibi alimpeleka mtoto mahali walipovipewa, si hapa, akaambiwa namba kubwa hazijafika, arudi mwezi ujao. Akarudi, hazijafika. Akarudi tena. Kila mara bodaboda elfu nane kwenda, elfu nane kurudi, na mwaka huo ufuta haukutoa kitu. Aliendelea kumvalisha vile vile usiku, vidole vimetokeza nje, mpaka mtoto akawa analia akiviona. "Nikaona namtesa," alisema. "Nikaviweka."

Mguu wa kushoto umerudi. Si wote, lakini kisigino kimeanza kupanda na vidole vinatazama ndani. Bibi akauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi na bado sijalizoea: "Ni kosa langu?"

Dada Fizio alipiga magoti mbele yake. "Hapana bibi. Wewe umefanya kila ulichoambiwa. Viatu ndivyo vilivyokosekana."

Mtoto amefungwa hogo leo leo. Akipata mawili, matatu mfululizo mguu utarudi mahali pake. Katika umri wake bado inawezekana kabisa. Lakini mimi usiku huu sijalala vizuri. Nilikuwa nahesabu kiatu kama kazi iliyokwisha kikishatoka mezani kwangu. Hakijakwisha. Kiatu ni cha kwanza katika msururu, na cha pili kisipokuwepo kwa wakati, cha kwanza kimeshonwa bure.

Juni 4. Masasi

Asubuhi nilifungua masanduku na kuhesabu. Namba nne imekwisha. Jana zilitoka jozi tatu na leo mapema ya mwisho. Na mbele yangu amekaa mama mwenye mtoto wa miezi mitano, miguu yote miwili, hogo la mwisho baada ya kukatwa kano. Hogo linatoka Juni 10. Siku linapotoka viatu lazima viwe tayari, siku hiyo hiyo, kwa sababu mguu ulionyooshwa una kumbukumbu na unaanza kurudi mara tu ukiachwa huru. Nilimpima kwa juu juu, kwa vidole. Namba nne.

Ningeweza kupiga simu Dar, jozi ipakiwe kwenye basi. Ndivyo tungefanya mwaka jana. Badala yake nilimuuliza mlinzi wa kituo ni nani fundi viatu bora hapa mjini. Hakufikiri hata kidogo, akanielekeza sokoni.

Mzee yule ana banda la mabati, kiti cha kushonea, na ukuta mzima umetundikwa katambuga za matairi. Nilimsalimu, nikakaa chini kama mwanafunzi anavyokaa, nikampa kiatu kimoja mkononi. Hakusema neno kwa dakika nzima. Alikikunja, akakinusa, akapitisha ukucha kwenye mshono. Kisha akaingiza kidole kwenye kitundu kilichoko upande wa ndani wa kisigino.

"Hili tundu la nini? Limekosewa?"

Hapo nikajua nimepata mtu. Nilimwambia: ni dirisha. Mama akishamvalisha mtoto anachungulia hapo aone kisigino kimekaa chini kabisa. Kisigino kikiwa kimepanda, kiatu kimevaliwa lakini hakifanyi kazi. Mzee akacheka kwa furaha, akaenda kumwonyesha jirani yake muuza vitunguu.

Tulikaa pamoja hadi magharibi. Kiatu hiki alikibuni Mholanzi, Michiel Steenbeek, akiwa Uganda, pamoja na mafundi wa huko, na alikibuni kwa makusudi kiwezekane kwa fundi kama huyu: ngozi inayopatikana sokoni, bitana, uzi, chuma cha kawaida na mtu wa kuchomelea. Unyayo wake umenyooka, haujapinda ndani kama kiatu cha dukani. Mbele kuko wazi ili vidole visibanwe. Chuma cha kati urefu wake ni upana wa mabega ya mtoto, bega hadi bega. Kikiwa kifupi mtoto anasumbuka, halali. Na pembe. Mguu wa kifundo unatazama nje nyuzi 70; kama mguu mmoja ni mzima, huo nyuzi 40. Chuma chenyewe kinapindwa kidogo ili vidole viinuke juu.

Mzee alinisikiliza mpaka kwenye nyuzi. "Mimi napima kwa jicho," alisema.

Nikamwambia kwa jicho haitoshi. Akamtuma mjukuu wake dukani, akarudi na mkebe wa hesabu wa wanafunzi, shilingi elfu mbili, tukatoa kipimapembe. Jamaa wa kuchomelea geti alitoka ng'ambo ya barabara na nondo. Tulichora mistari kwenye kipande cha mbao, tukapigilia misumari midogo kwenye pembe zenyewe, ili kila jozi ikilazwa pale isiweze kwenda kombo. Baadaye mzee aliichukua ile mbao akaifuta vumbi kwa shati lake, akaitundika juu ya katambuga zote.

Nilimwachia kalibu za mbao namba tatu hadi sita, futi kadhaa za ngozi na bitana. Tumekubaliana malipo kwa kila jozi, yanatoka kwenye mradi; mama halipi.

Juni 5. Kuelekea Ruvuma

Zahanati ya kijijini, kusini ya Mangaka. Muuguzi mkunga yuko peke yake na mhudumu mmoja wa afya ngazi ya jamii. Hapa hapafungwi hogo, wala hapatafungwa. Kazi ya hapa ni kuona.

Inasikika rahisi. Lakini mtoto anazaliwa usiku, kwa tochi ya simu, anafutwa, anapimwa uzito, anavikwa khanga. Miguu inaingia ndani ya khanga na haitoki tena hadi mwezi wa pili. Mkunga alikiri kwamba ndivyo inavyokuwa. Dada Fizio alimfundisha kitendo kimoja: nyoosha miguu ya kila mtoto, sukuma unyayo kwa kidole uangalie unatii au haukubali. Mguu uliokunjwa tu na tumbo la mama unarudi wenyewe ukiusukuma. Kifundo hakirudi. Na angalia mgongo pia, uone kama hauna kidonda au uvimbe, kwa sababu wako wachache ambao kifundo chao kinaambatana na mgongo wazi, na hao wanahitaji rufaa ya haraka.

Chini ya mwembe Mama Mshauri alizungumza na kijiji. Mimi nilikaa nyuma na wanaume. Maneno ni yale yale ya kila mahali: mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito; ametoka nje ya ndoa; amerogwa na wifi. Mama Mshauri hakubishana na yeyote. Alitoa simu akaonyesha video ya mwanawe anapiga mpira wa makaratasi, akiwa peku, vumbi linatimka. Halafu akasema, "Nami niliambiwa hayo yote. Sababu yake wengi wetu hatupewi, hata hospitali. Tiba tunapewa."

Baba mmoja kijana alinifuata kwenye gari tulipokuwa tunafunga vitu. Mtoto wake ana miezi miwili, yuko ndani, hajatolewa nje kwa sababu bibi mzaa baba hataki watu wamwone. Nilimwonyesha kiatu kidogo kabisa. Alikishika kwa muda. Tukaenda naye. Kifundo mguu mmoja, ngozi safi, mtoto mnene. Wataanza hogo Mangaka, mwendo wa baiskeli kutoka kwake. Nilimsikia akimwambia mama yake kwa Kiyao maneno marefu ambayo sikuyaelewa, na yule mama mwishowe akamfunga mjukuu vizuri akamkabidhi.

Juni 6. Tunduru

Wamekatwa kano watoto wawili. Nimeruhusiwa kusimama pembeni. Ganzi kidogo nyuma ya kisigino, kisu chembamba kinaingia, kinaikata kano, na ghafla kisigino kinashuka na unyayo unainuka, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Hakuna uzi wa kushona. Hogo la wiki tatu, na katika wiki hizo kano inaota tena, ndefu kuliko ilivyokuwa. Mtoto wa pili alilala kabla hogo halijakauka.

Tabibu wa hapa alishika kisu kwa mtoto wa pili, mwalimu wake akiwa ameweka mkono juu ya mkono wake. Mikono yote miwili ilikuwa imetulia.

Juni 7. Tunduru hadi Songea

Siku ya barabara. Namtumbo tulisimama kula makande. Hewa ilibadilika, tukatoa masweta. Jozi zimebaki 19.

Juni 8. Songea

Kliniki imeanza saa mbili na baridi ikiwa bado kali. Mama mmoja alikuja amemfunga mtoto kwa shuka mbili na blanketi. Watoto tisa, wawili wapya. Kuna msichana wa miaka minne na nusu aliyekuja kuambiwa kwamba usiku wa leo ndio wa mwisho kuvaa chuma. Alikataa. Alisema ni vyake, na analala navyo. Mama yake alilia, nami nikaenda nje kidogo.

Nimewaachia jozi zote zilizobaki na daftari la namba: kila mtoto jina lake, kiatu anachovaa leo, na mwezi ambao kitambana. Tumeacha daftari kama hilo kila tuliposimama. Mtu wa stoo akilisoma, anajua namba gani iagizwe kabla mama hajapanda bodaboda. Nilimwomba aniahidi, akaniahidi, na nitampigia kila mwisho wa mwezi.

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia. Picha kutoka Masasi, kwa simu ya mjukuu. Jozi ya namba nne, ngozi ya kahawia, mishono imekaza sawasawa, kitundu mahali pake kila upande. Viatu vimelazwa kwenye ile mbao ya misumari, na kipimapembe kimewekwa juu vionekane. Nilikuza picha kwa vidole. Cha kulia, 70. Cha kushoto, nadhani 60. Chuma kilivutika wakati wa kuchomelea.

Nilimpigia. Nilianza kwa kumsifu, kwani alistahili, kisha nikamwambia cha kushoto. Akanyamaza. Nikasikia akiita ng'ambo ya barabara, na sauti ya geti la chuma likifunguliwa.

Picha ya pili imeingia saa nne usiku, imepigwa kwa mwanga wa tochi. Sabini na sabini. Hogo la mtoto linatoka keshokutwa, na mama yake anakaa mtaa wa pili kutoka sokoni. Nimemwandikia mzee ampelekee ujumbe kesho asubuhi, aje na soksi.